Vyuma vimekaza Mtwara: niuze korosho za mbele nikasomee gesi?

Shikamoo Mwalimu.

Nasoma safu yako kwenye simu ya mke wangu, na leo nimeona niandike mwenyewe maana usingizi umekataa.

Nina miaka 39, naishi Naliendele, Mtwara, na mke wangu, watoto watatu na kijana wa dada yangu mwenye miaka 19 ambaye tangu amalize kidato cha nne yuko tu nyumbani. Kwa miaka tisa nilikuwa mchomeleaji wa vyuma kwa mkandarasi mmoja aliyekuwa anachukua kazi za matengenezo viwandani na kwenye mitambo. Chuo sikusoma. Ufundi niliupata kwa marehemu fundi mmoja pale Chikongola. Nilianza kwa kushika grainda na kugonga slagi, lile gamba linalobaki juu ya mshono, mpaka akaniachia mashine.

Mwezi Machi tulisimamishwa getini asubuhi tukasomewa majina. Tuliosomwa tukaambiwa kazi zimepungua, turudishe vifaa stoo, hesabu zetu zitaingia kwenye simu. Ukaingia mshahara wa mwezi ule, shilingi 520,000, basi. Barua sikupewa. Mkataba nilisaini mara moja tu, wa miaka miwili, tulipoanza. Baada ya hapo tuliendelea kupiga kazi bila mtu kutuuliza. NSSF walikuwa wanakata, kwenye slipu ipo.

Tangu hapo nafanya vibarua vya mageti na madirisha kwa jamaa yangu mwenye karakana. Wiki moja kazi ipo, wiki mbili hakuna. Watu hawajengi, Mwalimu, vyuma vimekaza. Kinachotulisha ni samaki wa kukaanga na mihogo anayouza mke wangu jioni. Nimekwenda kuomba kazi kwenye kampuni moja ya malori, kijana wa ofisini akaniuliza cheti. Nikamwambia anipe mashine nimwonyeshe. Akasema bila cheti jina langu halipandi kwa bosi.

Sasa kuna mtu amekuja na habari ya kozi. Wiki sita Dar es Salaam, usalama kazini na uendeshaji wa mitambo ya mafuta na gesi. Anasema cheti chake kinatambulika dunia nzima, na mradi wa gesi wa Likong'o kule Lindi ukianza, wenye cheti hicho ndio watachukuliwa kwanza. Ada ni shilingi 2,400,000, hapo bado nauli, chakula na pa kulala. Nusu anaitaka kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu nafasi ni chache.

Hela hiyo sina. Nina mikorosho ya marehemu mama kule Nanyamba. Tunavuna mimi na dada zangu wawili, msimamizi ni mjomba. Mtu wa kangomba yuko tayari kunipa 1,500,000 sasa hivi, nami nimpe magunia 12 msimu ukifunguliwa. Mjomba sijamwambia. Dada zangu pia sijawaambia.

Mke wangu anasema habari ya gesi tumeisikia tangu hatujaoana, tukalime. Rafiki zangu wanasema nitafute bodaboda. Mimi kurudi darasani na watoto wa miaka kumi na nane naona aibu, lakini kozi ya gesi naona ndiyo inayokwenda na wakati. Nishauri, Mwalimu. Nimechoka kuamka asubuhi sina pa kwenda.

Mchomeleaji, Naliendele

* * *

Marahaba mwanangu.

Nianze na lenye tarehe, kwa sababu huyo mtu amekupa mwisho wa mwezi. Mtu wa kozi usimpe hata shilingi, na mtu wa kangomba mpelekee jibu la hapana leo hii. Ukishafanya hivyo tutazungumza taratibu, maana unacho cha kufanya, na si kidogo.

Kuhusu gesi, mke wako anajua anachosema. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kuzalishwa kwa matumizi mwaka 2004. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na mitambo ya Madimba pamoja na bomba la kwenda Dar es Salaam vikazinduliwa Oktoba 2015. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita katikati. Hii ya bahari kuu, iliyoanza kutangazwa mwaka 2010, ndiyo iliyozaa mradi wa Likong'o. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa linauzwa zaidi ya dola 100. Kufika mwanzoni mwa 2016 lilikuwa chini ya dola 30, na makampuni ya mafuta dunia nzima yakafunga mikoba. Juni 2022 yalisainiwa makubaliano ya awali Dodoma, watu wa Lindi wakapandisha bei za viwanja upya. Mpaka naandika haya, uamuzi wa mwisho wa kuwekeza haujatolewa. Na hata ukitolewa kesho, mtambo wa namna ile unajengwa kwa miaka, na miezi ya kwanza ni ya kusafisha eneo na kumwaga kifusi. Vyeti vya usalama vya kazi hizo vingi vina muda wake: baada ya miaka michache unatakiwa urudie. Utakuwa umelipia cheti kitakachokwisha kabla geti halijafunguliwa.

Nimewaona vijana wa Mtwara na Lindi waliosomeshwa kozi za gesi wakati ule wa matumaini makubwa, miaka kumi na zaidi iliyopita. Walisoma vizuri na vyeti wanavyo. Wapo ninaowajua ambao leo wanauza vocha, na wapo waliohama kabisa. Kosa halikuwa lao. Walisomea kazi iliyotangazwa, na kazi iliyotangazwa hailipi mshahara. Gesi naiombea ije kwa moyo wote. Lakini wewe una watoto watatu wanaokula leo, na fundi wa miaka 39 aliyepunguzwa kazini anatakiwa asomee kazi ambayo tayari kuna mtu anailipia, hapa hapa kusini, msimu huu.

Kama bado una shaka, muulize huyo bwana maswali mawili. La kwanza, chuo chake kina namba gani ya usajili NACTVET, maana ndilo baraza linalosajili vyuo vya ufundi nchini. La pili, waliomaliza darasa lililopita wako kazini wapi, na akupe simu ya mmoja wao uongee naye wewe mwenyewe. Mwenye chuo cha kweli hujibu yote mawili bila kukasirika.

Sasa haki zako, kwa kuwa siku zinakwenda. Ulichosimulia kuhusu getini hakifuati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiri anayepunguza wafanyakazi anatakiwa atoe taarifa mapema, aeleze sababu, akae na wafanyakazi au chama chao wazungumze nani anapunguzwa na kwa kigezo gani. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Likizo ambazo hukwenda zinalipwa. Na kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, mwisho miaka 10. Kwa miaka yako tisa na mshahara wa 520,000, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja. Hela uliyokuwa unataka kuitafuta kwenye magunia ya dada zako, huenda sehemu kubwa iko kwa mwajiri wako wa zamani.

Nasema huenda, kwa sababu mkataba wa muda maalumu ukifika mwisho wake wenyewe, kiinua mgongo hicho hakilipwi, na yeye atajitetea hapo hapo. Ila mkataba wako ulikwisha miaka saba iliyopita, ukaendelea kufanya kazi na kulipwa, na getini mliambiwa kazi zimepungua, hamkuambiwa mkataba umeisha. Hiyo ni hoja nzuri. Ipeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ofisi yao Mtwara ipo, na kufungua shauri hulipi. Malalamiko ya kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, mengine ndani ya siku 60. Wewe zimepita zote. Kwa hiyo utajaza na fomu ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, na utaeleza sababu: hukupewa barua, uliambiwa hesabu zitaingia, ukasubiri. Andika tarehe zote unazokumbuka. Nenda na slipu, kitambulisho cha kazi, picha zozote za simu ukiwa na ovaroli yao. Ukiweza nenda na wenzako mliosomwa pamoja.

Na hapo CMA, au kwa barua yako kwa mwajiri, dai cheti cha utumishi. Sheria inamtaka akupe: tarehe ulizoanza na kumaliza, na kazi uliyokuwa unafanya. Hicho ndicho nakitaka zaidi kuliko hata fedha, utaona kwa nini. Kwanza NSSF watakuuliza karatasi ya kuonyesha umeachishwa, ukienda kuomba fao la kukosa ajira. Fao hilo lipo kwa aliyepoteza kazi bila kuacha mwenyewe. Mwenye michango ya miezi 18 au zaidi hupata asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, ila wasio na taaluma wana utaratibu wao. Kaa na ofisa pale NSSF akueleze wewe umeangukia wapi, na usiondoke dirishani mpaka umeelewa.

Tuje kwenye ufundi wenyewe, hapa ndipo nilipotaka tufike.

Kijana wa ofisini alikuambia kweli, ingawa ilikuuma. Una ufundi wa miaka tisa kiwandani, ukiacha ile ya Chikongola, na hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo. Kabla hujanunua ujuzi mpya, chukua cheti cha ujuzi ulio nao mikononi. VETA wana utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo, wengi wanauita kwa herufi zake, RPL. Umewekwa kwa ajili ya watu kama wewe: mafundi uashi, maseremala, mafundi magari, wapishi, wachomeleaji waliojifunzia kazini. Hukai darasani miaka miwili na watoto wa miaka kumi na nane. Unajiandikisha, unaeleza historia yako ya kazi kwa ushahidi (cheti cha utumishi hicho, picha za kazi ulizofanya, barua ya fundi au msimamizi aliyekujua), unahojiwa, halafu unapimwa kwa vitendo. Panapoonekana pengo unapewa mafunzo mafupi ya kuliziba. Ukifaulu unapata cheti kinachotambuliwa.

Nikueleze kipimo chenyewe kilivyo, kwa sababu nimewaona mafundi wazuri sana wakianguka pale kwa kukosa mazoea. Utapewa pleti mbili za chuma uzikate kingo kwa mshazari, uziweke zikitazamana na uache nafasi ndogo katikati. Mtahini atapima nafasi hiyo. Ataangalia kama umechagua elektrodi kwa unene wa chuma au umeshika iliyokuwa karibu. Mchomo wa kwanza, ule wa chini kabisa, lazima upenye hadi upande wa pili, laini, bila matone na bila mashimo. Utasafisha slagi yote kabla ya kuweka mchomo wa pili, na atakaa anakutazama kama unasafisha kweli au unapitisha nyundo tu. Kisha ataweka pleti wima, umchomelee kutoka chini kwenda juu. Mwisho kiungo kinaweza kukatwa vipande na kukunjwa: kikipasuka kwenye mshono, umeanguka, hata kama juu kinang'aa. Mafundi wa mageti wengi wanashindwa mchomo wa kwanza, maana geti halidai kupenya. Wewe umefanya kazi za mitambo, mkono wako unajua, ila umekaa na mageti tangu Machi. Kwenye karakana ya jamaa yako omba vipande vya chuma vilivyobaki, fanya mazoezi jioni. Michoro pia: jifunze alama za uchomeleaji kwenye karatasi, kwa kuwa hiyo hukufundishwa Chikongola na wataiuliza.

Kuna vipindi serikali hugharamia urasimishaji huu kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, ambayo iko chini ya wanaosimamia kazi na ajira. Nenda VETA Mtwara uulize kwa maneno haya haya: lini mnapokea watu wa urasimishaji, fani ya uchomeleaji imo, na nafasi za kugharamiwa zipo? Ukijibiwa kwamba msimu huu hazipo, uliza gharama ya kujilipia, na uandikishe jina na namba ya simu.

Nawe una haki ya kuuliza kwa sauti. Mwajiri wako, kama ana wafanyakazi kumi au zaidi, alitakiwa kulipa kila mwezi tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayohesabiwa kwa asilimia ya mishahara yenu. Miaka tisa jasho lako limekuwa ndani ya hesabu hiyo. Sehemu tu ya tozo hiyo ndiyo hufika VETA, nyingine huenda kwenye matumizi mengine ya elimu, na mimi sijawahi kuona sawa kwamba mfanyakazi anapopunguzwa hakuna anayemfuata getini kumwambia: kuna mafunzo haya, njoo. Wakati uchumi unabana ndipo watu wana muda wa kusoma na wana sababu ya kusoma. Mikoa ya Mtwara na Lindi ilipaswa kuwa na daftari la kila aliyepunguzwa viwandani, fani yake na anapokaa, ili kiwanda kingine kikifunguliwa Maranje au Ruangwa aitwe kwa jina. Halipo kwa namna hiyo. Basi jiandikishe mwenyewe kwa Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA. Hakikisha wanaandika mchomeleaji wa viwandani, wasiandike fundi tu.

Sasa kazi iliyopo ni ipi? Tazama barabara ya Masasi. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanashuka bandarini Mtwara, na matrela yake yanapasuka fremu na kuchanika bodi kila siku ya Mungu. Ile kampuni iliyokukatalia ina kazi hiyo, na wenye lori moja moja hawaulizi cheti, wanauliza utamaliza leo au kesho. Kuanzia msimu wa 2023/2024 serikali iliagiza korosho za kusini zipite bandari yetu, na tangu hapo Oktoba mpaka mwisho wa mwaka mji unajaa magari. Maghala yanataka milango, mizani inataka kutengenezwa, vyama vya msingi vinataka matenki na mapaa.

Lakini penye utajiri zaidi kwa mkono wako ni ubanguaji. Viwanda vya korosho vilivyojengwa miaka ya 1970 na 1980 vingi vilifungwa, vingine vikageuka maghala, na korosho yetu ikaendelea kwenda India na Vietnam na ganda lake. Sasa hivi nguvu imerudi: eneo la viwanda vya korosho la Maranje, kiwanda cha TANECU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Tandahimba na Newala, kilichopo Newala, na vikundi vya akina mama wanaobangua kwa mashine za mkono na za mguu. Kiwanda cha korosho ni mvuke. Kuna boila, kuna mabomba ya mvuke, kuna tanuri za kukaushia na matreyi yake. Kila kinachogusa chakula kinatakiwa kiwe chuma kisichoshika kutu, na hicho hakichomelewi kama geti. Kinataka mashine ya gesi ya agoni, mkono mtulivu na usafi. Mtwara nzima mafundi wanaokiweza vizuri ni wa kutafuta. Ukishapata cheti chako cha kwanza, hiyo ndiyo kozi fupi ya kuilipia. Waulize VETA kama wanaifundisha, na waulize SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ofisi ya mkoa, kuhusu mashine za kubangulia: nani anazitengeneza, nani anazikarabati, na kama kuna mafunzo. Kikundi kimoja cha ubanguaji ukikitengenezea mashine mbili zikakaa msimu mzima bila kuharibika, vikundi vingine vitakutafuta vyenyewe.

Unaona nilivyofanya: sijakutoa kwenye uchomeleaji. Bodaboda ni kazi halali, ila ukipanda pikipiki leo unaanza sifuri kwenye kijiwe chenye vijana wengi kuliko abiria, na miaka yako ya ufundi inalala. Usiipande labda njaa iwe mlangoni.

Kuhusu kangomba nitasema kidogo maana jibu unalijua. Magunia 12 ya kilo 80 ni kilo 960. Kwa 1,500,000 umeuza kilo kwa shilingi kama 1,560. Mwaka 2018 serikali ilinunua kwa 3,300. Ni kweli kuna misimu mnada umefunga chini ya 2,000, na mtu wa kangomba atakukumbusha misimu hiyo tu. Lakini mvua ikichelewa au ugonjwa ukiingia kwenye maua, magunia 12 yasipofika, deni linabaki na riba yake, na nimeona mashamba yakiondoka kwa njia hiyo. Juu ya hayo biashara yenyewe imekatazwa, hivyo ukidhulumiwa huna pa kushtaki. Na kubwa kuliko yote, korosho hizo si zako peke yako. Ni za mama yenu. Dada zako wana fungu lao na mjomba ndiye mwenye kauli. Ukizila kimya kimya, utakuwa umepoteza kazi Machi na ndugu Oktoba.

Nenda Nanyamba mwisho wa wiki, na mkeo. Mweleze mjomba kila kitu kama ulivyonieleza mimi, pamoja na lile la kangomba ulilokuwa umekusudia. Mikorosho inataka mikono sasa: palizi, kupulizia, na salfa ya ruzuku hupewa mkulima aliyesajiliwa, muulize mjomba kama usajili wenu uko sawa. Wewe huna kazi ya kudumu, una nguvu. Shamba likihudumiwa vizuri msimu huu, fungu lako la halali baada ya mnada litatosha kulipia kozi fupi ya chuma kisichoshika kutu bila kumdhulumu mtu. Hapo mke wako naye atakuwa amesikilizwa: alisema mkalime, na kwa miezi hii ana haki. Biashara yake ya samaki nayo isiguswe mtaji kwa ajili ya ada yoyote. Akitaka kuikuza, halmashauri hutoa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Amwone ofisa maendeleo ya jamii wa kata aulize kikundi kinasajiliwaje.

Aibu ya darasani nimekujibu kwa kukuambia hutakaa darasani. Anayetakiwa kukaa darasani yumo nyumbani mwako. Huyo kijana wa dada yako ana miaka 19, na kila siku anayoamka bila kazi inampunguza. Mafunzo ya uanagenzi ya ile programu ya taifa yanalenga vijana wasiozidi miaka 35, wanajifunza sehemu chuoni na sehemu kazini, na yakitangazwa ada hulipwa na serikali. Yasipotangazwa, kozi ndefu za kutwa katika vyuo vya VETA vya serikali ada yake kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka, ukiacha vifaa na michango. Hiyo familia mnaweza kuichanga. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Mtawanya kipo pia. Usimchagulie uchomeleaji kwa sababu wewe ni mchomeleaji. Mpeleke akaone karakana zote, umeme, magari, majokofu, ushonaji, achague. Wakati anasubiri chuo kifunguliwe, aende nawe karakana akushikie grainda.

Nimalizie na mpangilio wa wiki yako, kwa sababu umesema unaamka huna pa kwenda. Jumatatu CMA na slipu zako. Jumanne NSSF. Jumatano VETA, wewe na kijana wa dada yako pamoja. Alhamisi SIDO. Ijumaa ukimaliza swala, kama unaswali, au kazi, tafuta usafiri wa Nanyamba. Ukishapangiwa siku ya kupimwa VETA, niandikie unieleze ni pleti za unene gani na mikao mingapi wametaja. Nina mafundi ninaowaamini huko Mtwara, nitamwomba mmoja akusimamie mazoezi ya mchomo wa kwanza bila malipo.